Kusoma Bila Alama: Je, Ni Uhuru au Ni Kujificha?

Katika kurasa za jarida letu tumezoea kujadili ngeli, ushairi na mbinu za kufundishia. Leo twaomba ruhusa ya wasomaji tujadili jambo lisilomo katika vitabu vya sarufi, ingawa limo katika kila darasa la sarufi. Jambo hilo ni alama. Yaani ile herufi au tarakimu ambayo mwalimu huiandika kwa wino mwekundu juu ya kazi ya mwanafunzi, na ambayo mwanafunzi huitazama kabla ya kutazama jambo jingine lolote.

Kilichotusukuma kuandika ni barua. Mmoja wa waliokuwa wanafunzi wetu hapa magharibi mwa Uganda, ambaye sasa ni mwalimu wa Kiswahili kama sisi, alikwenda Marekani kwa mwaka mmoja kusaidia kufundisha lugha yetu katika chuo kikuu cha huko. Pamoja na kufundisha, yeye mwenyewe alitakiwa kuhudhuria masomo kadhaa. Alipokwenda kujiandikisha katika somo la takwimu, karani alimwuliza kama alilitaka kwa alama ya herufi au bila ya herufi. Hakuwahi kuulizwa swali kama hilo tangu aanze shule. Akatuandikia hivi:

"Mwalimu, wajua vema kwamba hisabati ilinisumbua tangu sekondari. Nikilichukua somo hili bila herufi, hakuna atakayejua nilipata ngapi. Je, huo si woga? Tena katika darasa ninalosaidia kufundisha, wanafunzi wanne wamejiandikisha vivyo hivyo. Mmoja wao hafanyi mazoezi hata kidogo. Mwingine ndiye bora kuliko wote. Niwatendeeje?"

Maswali yale mawili, kwa kweli, ni swali moja: je, mtu anayeomba kusoma bila kupimwa kwa herufi anatafuta uhuru wa kujifunza, ama anatafuta mahali pa kujificha? Na mwalimu wake anadaiwa nini naye? Tulichelewa kumjibu. Tulichelewa kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa na deni la zamani katika jambo hili, nalo tutalieleza hapo mbele bila ya kuficha.

Desturi yenyewe

Kwanza tueleze desturi hii, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajaisikia. Katika vyuo vingi vya Marekani kila somo humalizika kwa herufi: A kwa kazi bora, kisha B, C, D, na F kwa aliyeshindwa. Herufi hizo hugeuzwa kuwa tarakimu, zikapigwa wastani, na wastani huo humfuata mwanafunzi kila aendako. Lakini vyuo hivyo hivyo humruhusu mwanafunzi kuchukua baadhi ya masomo kwa njia nyingine. Kuna njia ya kuandikiwa tu kwamba amefaulu au hakufaulu, basi. Kuna njia ya kuhudhuria kama msikilizaji, ambaye huketi darasani bila ya kufanya mtihani na bila ya kuhesabiwa somo hilo katika shahada yake. Aidha, viko vyuo vichache ambavyo badala ya herufi mwalimu huandika maelezo marefu juu ya kazi ya kila mwanafunzi.

Kwa kawaida uhuru huu una mipaka. Vyuo vingi havikubali mwanafunzi achukue bila herufi masomo yaliyo kiini cha shahada yake. Hata hivyo, chuo kikuu cha Brown, katika mji wa Providence, kilikwenda mbali zaidi. Tangu mageuzi ya mitaala ya mwaka 1969, mwanafunzi wa Brown anaweza kuchagua njia ya kufaulu au kutofaulu karibu katika somo lolote. Hata kwa wanaochagua herufi, alama ya D haipo, na somo ambalo mwanafunzi hakulifaulu halionyeshwi katika hati ya matokeo inayopelekwa nje ya chuo. Chuo cha teknolojia cha Massachusetts, kijulikanacho kwa kifupi kama MIT, kilianza mwaka 1968 kuwaondolea herufi wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Na ingawa muda huo umepunguzwa tangu hapo, muhula wa kwanza umebaki hivyo. Sababu yao yaeleweka kwa urahisi. Vijana wanaingia wakitoka katika shule zisizolingana, na huo muhula wa kwanza ni wa kumpa kila mmoja nafasi ya kuzoea maji kabla ya kupimwa mbio za kuogelea.

Herufi si za milele

Wako wanaodhani kwamba alama ilizaliwa pamoja na shule, na kwamba kuiondoa ni sawa na kuondoa ukuta wa nyumba. Historia haikubali hivyo. Mwaka 1785 Ezra Stiles, aliyekuwa mkuu wa chuo cha Yale, aliandika katika shajara yake kwamba wanafunzi 58 walikuwa wametahiniwa, naye akawagawa katika makundi manne kwa maneno ya Kilatini, tangu walio bora, 20 kwa idadi, hadi walio dhaifu, 10. Huo ndio mgawanyo wa namna hiyo unaotajwa sana kuwa wa mwanzo katika vyuo vya Marekani. Herufi zenyewe zilikuja baadaye sana. Chuo cha wanawake cha Mount Holyoke kilianza kutumia mpango wa herufi mwaka 1897, tangu A mpaka E. Kwa hiyo herufi ambazo leo huamua nani aingie wapi zina umri usiozidi ule wa babu wa babu zetu.

Na kabla ya herufi watu walijifunza, tena walijifunza kwa dhati. Katika pwani yetu, mwanafunzi aliyeketi mbele ya sheikh akasoma kitabu mwanzo hadi mwisho hakupewa B wala C. Alipewa ijaza, yaani idhini ya kukisomesha kitabu hicho kama alivyosomeshwa yeye. Ama amekiweza, ama bado. Aliyekuwa bado hakutangazwa kuwa ameshindwa, alirudi kuketi. Vivyo hivyo kwa fundi wa jahazi na mwanagenzi wake. Ubao ukivuja hakuna haja ya herufi, na usipovuja hakuna haja ya herufi pia.

Lakini tusiharakishe kusifu ya kale. Sheikh yule alikuwa na wanafunzi aliowajua kwa majina ya baba zao, na ijaza yake ilisomwa na watu waliomjua yeye. Shule zetu za leo hutoa maelfu ya vijana kwa mwaka, nao huenda kwa watu wasiowajua. Hapa Uganda tulihesabu matokeo ya kidato cha nne kwa tarakimu 1 hadi 9 kwa miaka mingi, na tangu mtihani wa mwaka 2024 watahiniwa wa mtaala mpya wamepewa herufi A hadi E. Sura ya alama imebadilika. Haja ya alama haikubadilika. Twapaswa basi kuuliza haja hiyo ni ya nani.

Mtu wa tatu darasani

Fikira yetu ni hii. Katika kujifunza mna watu wawili, mwalimu na mwanafunzi. Mwalimu anapomwambia mwanafunzi, "Hapa umekosea upatanisho wa kisarufi, na sababu ni hii," hayo ni maneno baina yao. Lakini herufi haikuandikwa kwa ajili ya mmoja wao. Mwalimu haihitaji, kwa kuwa anaijua kazi yenyewe. Mwanafunzi haimfunzi kitu, kwa kuwa C haisemi ni ngeli ipi iliyomshinda. Herufi ni barua iliyoandikiwa mtu wa tatu ambaye hayumo darasani: mwajiri, mfadhili, chuo kingine, serikali. Mtu huyo hana nafasi ya kusoma insha za mwanafunzi, hivyo anaomba apewe neno moja, na neno hilo liwe fupi.

Wamarekani walifunzwa jambo hili kwa uchungu mwaka 1966, wakati wa vita vya Vietnam. Vijana waliokuwa vyuoni waliahirishiwa kuingizwa jeshini. Lakini mwaka huo nafasi ya mwanafunzi katika darasa lake, iliyotokana na alama zake, ilianza tena kutumiwa na halmashauri za uandikishaji katika kuamua nani aendelee kusoma na nani achukuliwe. Mwezi Mei mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago waliingia katika jengo la utawala wakakaa humo, wakidai chuo kisipeleke orodha hizo. Baadhi ya walimu nchini humo walikataa kutoa alama, na wengine walimpa kila mmoja A. Hebu tujiweke mahali pa mwalimu yule. Anasahihisha insha juu ya mashairi, na anajua kwamba herufi atakayoiandika huenda ikampeleka kijana vitani. Je, bado anasahihisha insha?

Mwalimu wa Kiswahili hapa kwetu hapeleki mtu vitani. Lakini nani kati yetu hajapata kushika kalamu akijua kwamba alama moja itamnyima kijana ada ya mfadhili? Siku hiyo mtu wa tatu yumo darasani, ameketi juu ya meza yetu.

Tena herufi, pamoja na uzito wake wote, si mizani ya dhahabu. Mwaka 1912 watafiti wawili wa Wisconsin, Daniel Starch na Edward Elliott, walichukua karatasi za mtihani wa Kiingereza wakazipeleka kwa walimu wengi wa sekondari wazisahihishe. Walimu zaidi ya 100 walizirudisha. Karatasi moja, ile ile, ilipewa alama zilizoanzia 64 hadi 98. Nyingine ilianzia 50 hadi 97. Watu wakasema kwamba hayo ni ya lugha tu, ambayo kila mtu ana ladha yake. Mwaka uliofuata walifanya vivyo hivyo kwa karatasi ya jiometri, na tofauti ilizidi. Basi mwenzetu atakapoona haya kwa kuogopa alama, na akumbuke kwamba kinachoogopwa hakina uthabiti wa jiwe.

Hoja za upande wa pili

Kufikia hapa msomaji aweza kudhani kwamba twakusudia kuzitupa herufi jalalani. La hasha. Upande wa pili una hoja nzito, na hoja iliyo nzito kuliko zote hutolewa na maskini.

Mtoto wa tajiri hahitaji sana herufi. Ana jina la baba yake. Ana mjomba ofisini. Ana mtu wa kupiga simu. Mtoto wa mkulima aliyesoma kwa koroboi hana shahidi mwingine ila hati yake ya matokeo. Ukimwondolea A yake kwa jina la uhuru, umemwondolea shahidi wake wa pekee, na umemwachia mwenye mjomba njia nyeupe. Chuo Kikuu cha California katika mji wa Santa Cruz kilifunguliwa mwaka 1965 kikiwa na desturi ya maelezo ya maandishi badala ya herufi. Mwaka 2000 walimu wake walipiga kura herufi ziwe za lazima, na miongoni mwa hoja zilizosikika ni kwamba wahitimu wao walihitaji kushindana na wengine kwa ufadhili na nafasi za masomo ya juu. Mtu wa tatu alikuwa hasomi yale maelezo marefu. Alitaka herufi.

Kuna funzo jingine katika masomo ya uganga. Mtihani wa kwanza wa leseni ya madaktari wa Marekani ulikuwa ukitolewa alama za tarakimu, na hospitali zilizitumia kuchagua madaktari wanafunzi. Tangu Januari 2022 mtihani huo umebaki na matokeo mawili tu: amefaulu au hakufaulu. Nia ilikuwa kuwapunguzia vijana mashaka. Lakini mtihani wa pili ulibaki na tarakimu zake, na macho yote yakahamia huko. Mzigo haukutua chini. Ulitoka bega la kulia ukaenda la kushoto.

Hata hivyo haki nayo ina pande mbili. Mwaka 2020, gonjwa la korona lilipowarudisha wanafunzi majumbani, vyuo vingi vya Marekani viliacha herufi kwa muhula ule. Harvard ilifanya hivyo, na Columbia, na vingine vingi. Ilionekana si haki kumpima kwa kipimo kimoja mwenye chumba chake na yule aliyeshiriki meza ya jikoni na wadogo zake watano. Wakati ule herufi ingepima nyumba, isingepima akili.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba herufi ni haki, wala kwamba ni dhuluma. Herufi ni ushahidi, na ushahidi waweza kumwokoa mtu au kumwangamiza, kwa kadiri ya ukweli wake na kwa kadiri ya anayeusikiliza.

Kosa letu

Sasa tulipe deni tulilolitaja. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na darasa la jioni la Kiswahili kwa watu wazima. Wengi walikuwa wakijiandaa kwa mtihani. Akaja mkunga mmoja, mama wa makamo, aliyefanya kazi katika kituo cha afya kilichopokea wakimbizi kutoka Kongo. Akina mama wale hawakujua lugha yake, naye hakujua yao, lakini wao walijua Kiswahili. Alituambia kwamba hakutaka cheti wala alama. Alitaka kuzungumza na wagonjwa wake tu. Tulifurahi. Tulimsifu mbele ya darasa kwamba huyu ndiye msomaji wa kweli, asomaye kwa ajili ya elimu yenyewe.

Baada ya hapo tulimtendeaje? Kila wiki tulikusanya madaftari. Ya watahiniwa tuliyasahihisha neno kwa neno. La kwake tulilipitisha macho, tukaandika "Vizuri" chini, tukalirudisha. Hatukuona kwamba twamdhulumu. Tulidhani twamheshimu, kwamba mtu aliyekuja kwa hiari hafai kuvunjwa moyo kwa wino mwekundu. Na tuseme kweli yote: pia ilikuwa kazi pungufu, na jioni tulikuwa tumechoka.

Mkunga yule alikuwa na kosa moja lililomganda tangu wiki za mwanzo. Hakuweza kukiweka kikanushi "si" mahali pake katika kitenzi. Badala ya "usiende" aliandika "si uende". Badala ya "usimwambie" aliandika "si umwambie". Kosa hilo lilikuwa katika daftari lake, ukurasa baada ya ukurasa, na sisi tuliliona. Walimu wenzetu wameshatambua hatari iliyomo. Kwa mwenye lugha, "usimpe" ni katazo, lakini "si umpe" ni kumhimiza mtu, kana kwamba wamwambia, "Mpe tu, wangoja nini?"

Siku moja alikuja mama mkimbizi na mtoto mgonjwa, pamoja na chupa ya dawa aliyoipata kwingine. Mkunga alimpa dawa mpya, akaishika ile chupa ya zamani, akasema kwa uangalifu wote, "Dawa hii si umpe." Mama alisikia alichokisikia. Alimpa mtoto dawa zote mbili. Mtoto alitapika usiku kucha, akarudishwa kituoni asubuhi akiwa amelegea. Twamshukuru Mungu, alipona baada ya siku mbili.

Mkunga alikuja darasani jioni ya wiki ile akatusimulia. Hakutulaumu kwa sauti. Alifungua daftari lake, akatuonyesha sentensi za zamani, na chini yake neno letu "Vizuri", kisha akauliza, "Mwalimu, mbona hukunisahihisha?"

Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tumeelewa kosa letu lilikuwa wapi. Alituomba tumsamehe alama; sisi tukamsamehe na sahihisho. Alimwondoa mtu wa tatu darasani, nasi tukaondoka pamoja naye, tukamwacha peke yake. Tulisahau kwamba mtu wa tatu wake hakuwa mwajiri wala mfadhili. Alikuwa mtoto yule.

Nani anadaiwa nini

Kutokana na hayo twaona kwamba swali la mwenzetu haliwezi kujibiwa kwa kuitazama herufi peke yake. Kuondoa herufi ni jambo moja. Kuondoa hukumu ni jambo jingine. La kwanza laweza kuwa jema. La pili ni kumtelekeza mtu.

Mwalimu wa mwanafunzi asiye na alama ana deni kubwa zaidi, si dogo. Herufi humsitiri mwalimu mvivu: akiandika C, ameonekana amefanya kazi. Herufi ikiondoka, hana pa kujisitiri ila katika maneno, na maneno lazima yawe ya kweli. Utafiti wa Ruth Butler, uliochapishwa mwaka 1988 na kufanywa kwa watoto wa shule nchini Israeli, watupa la kufikiria. Watoto waliopewa maelezo peke yake juu ya kazi yao walisonga mbele na hamu yao ikabaki. Waliopewa alama, na hata waliopewa alama pamoja na maelezo, hawakufaidi vivyo. Kila mwalimu amepata kuliona jambo hili kwa macho yake: mwanafunzi akishaona 14 juu ya 20, hasomi tena kilichoandikwa pembeni. Lakini tusiusome utafiti huo nusu. Waliofaidika ni waliopewa maelezo. Asiyepewa alama wala maelezo, kama mkunga wetu, hakupewa kitu.

Chuo cha Evergreen, katika jimbo la Washington, kimeishi kwa njia hii tangu kilipofunguliwa mwaka 1971. Mwalimu huandika maelezo juu ya mwanafunzi, na mwanafunzi naye hujiandikia tathmini yake mwenyewe. Kazi hiyo ni nzito kuliko kuandika herufi. Anayedhani kwamba kufundisha bila alama ni kupumzika hajawahi kukaa mbele ya karatasi tupu akitafuta maneno ya haki juu ya mtu mmoja.

Mwanafunzi naye ana deni lake. Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai. Anayechukua somo bila herufi ili asionekane ujinga wake na dunia, huyo ana udhuru. Kila mtu ana haki ya kujikwaa faraghani. Lakini anayelichukua ili asiuone ujinga wake yeye mwenyewe, huyo anajificha, na aliyejificha hafundishiki. Tofauti kati ya hao wawili haionekani siku ya kujiandikisha. Yaonekana siku ya kurudisha daftari. Wa kwanza huuliza, "Nimekosea wapi?" Wa pili huuliza, "Nimepita?"

Jibu

Basi tulimjibu mwenzetu hivi. Juu ya takwimu, tulimwambia alichukue somo bila herufi, wala asione haya. Woga ungekuwa kutolichukua kabisa. Ikiwa herufi ndiyo ingemzuia kuingia katika darasa ambalo amelikimbia tangu utoto, na aiache nje ya mlango. Lakini tulimwekea sharti. Wiki ya kwanza, amwendee mwalimu wake amwambie, "Sitaki herufi, lakini nataka wino mwekundu kama wenzangu." Mwalimu akikataa, atafute mwanafunzi mwenzake mwenye subira. Asikubali kurudishiwa karatasi safi.

Juu ya wanafunzi wake wanne wa Kiswahili, tulimwambia asiwapime kwa jinsi walivyojiandikisha. Yule bora, asimsifu akamwacha. Sifa bila sahihisho ndiyo iliyotuangusha sisi. Yule asiyefanya mazoezi, amwite faraghani amwulize alikuja kutafuta nini. Huenda ni mvivu. Huenda pia ni mtu aliyeogopa lugha kama yeye alivyoogopa hisabati, na hakuna aliyemwambia kwamba kukosea kunaruhusiwa.

Kwa wenzetu tunaofundisha hapa nyumbani, ambako mitihani ingalipo na itakuwapo, twasema jambo moja. Katika kila darasa letu wamo wasio na alama: yule aliyekwisha kukata tamaa ya mtihani, mtu mzima wa jioni, mfanyabiashara ajaye mara moja kwa wiki, jirani anayesikiliza dirishani. Hawa hatuwaandikii mtu wa tatu yeyote. Ni rahisi kuwaandikia "Vizuri". Tusiwaandikie hivyo mpaka iwe kweli.

Mkunga wetu hakuacha darasa. Hadi leo hajafanya mtihani, wala hatujampa alama hata moja. Lakini miongoni mwa madaftari tunayoyakusanya kila wiki, la kwake ndilo lenye wino mwekundu mwingi kuliko yote, na yeye mwenyewe hulikagua kabla ya kuondoka. Akikuta ukurasa usio na alama ya kalamu yetu, huturudishia.